Wapima Maji wa Mchafukoge

Kuna maneno mawili nikiyasikia mpaka leo mate yananijaa mdomoni, yale mate ya mtu anayetaka kutapika: sifa na uzoefu. Wengine huyasoma kwenye matangazo ya kazi wakapata matumaini. Mimi hukumbuka ngazi za ghorofa moja Mchafukoge, harufu ya choo kisichovutwa maji, na bwana mmoja mwenye tai akiniambia kwamba sifa zangu ni nzuri mno, kiasi kwamba mwenyewe sina haja ya kwenda kazini.

Zilikuwa zama za ruksa. Vitu vilivyokuwa vimefungwa vilifunguliwa kwa mpigo, na Kariakoo ikajaa bidhaa tulizokuwa tukizisikia tu, kuanzia sabuni za kunukia mpaka redio za ukubwa wa sanduku la nguo. Sitajifanya mtakatifu, sabuni nilizifurahia. Lakini pamoja na sabuni zikaja kampuni. Kila aliyekuwa na mjomba ofisini akawa na kampuni, na kila kampuni ikawa na kadi za jina zenye maandishi ya dhahabu.

Mimi nilikuwa fundi sanifu wa kupima mito, katika idara ya serikali. Watu wengi hawaijui kazi hiyo, na nikiwatajia huuliza kama ni ile ya kusoma mita za majumbani. Siyo. Unafunga kamba kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, unaingia majini, unashika chombo chenye panga dogo linalozungushwa na maji, unapima kina na mwendo wa mkondo kidogo kidogo mpaka ng'ambo. Mwisho unajua maji kiasi gani yanapita hapo. Kisha unasimika ubao wenye alama, na msomaji anakuja asubuhi na jioni kuona maji yamefika alama ipi. Ukisomwa miaka kadhaa, ubao huo unakueleza tabia ya mto. Anayetaka kujenga daraja huja kwako kwanza, kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Nilikuwa naipenda kazi hii, na sioni aibu kusema hivyo.

Kisha serikali ikaambiwa kwamba ina wafanyakazi wengi kupita kiasi. Mkuu wetu alitukusanya uani akatusomea majina ya wanaopunguzwa, langu likiwemo, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Alisema kazi ya kupima mito haihitajiki tena kwa wingi ule. Haukupita muda mrefu naye akaacha kazi, kwa hiari yake, akafungua kampuni ya kupima mito.

Aliponiita nilikwenda. Ofisi ilikuwa Mchafukoge, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi. Kata yenyewe kwa jina lake inamwambia mchafu akaoge, na mimi nilipoziona zile ngazi nilidhani wito huo haujawafikia wapangaji wa juu. Makohozi ukutani, maganda ya machungwa, na ile harufu ya choo inayokupokea kabla hujabisha hodi. Duka la chini lilikuwa safi, limepangwa, lina harufu ya ubani. Mzee mwenye duka alinisalimu kwa heshima, akanionyesha ngazi zilipo kwa kidole.

"Dada, karibu sana. Umepungua," alisema mkuu wangu wa zamani.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba. Achana na mkuu. Siku hizi mimi ni mkurugenzi tu, natafuta riziki kama wewe."

Akanieleza. Wafadhili walitaka kuwajengea watu daraja la miguu kwenye bonde la Msimbazi, upande wa Kigogo, mahali ambapo wakazi walikuwa wakivuka juu ya magogo na mawe kuja mjini. Kabla ya kujenga, mto ule upimwe masika nzima, ili mjenzi ajue maji hupanda mpaka wapi na daraja linyanyuliwe kiasi gani. Mkataba ulidai kwamba mpimaji awe na stashahada ya fani hiyo na miaka mingi ya uzoefu mtoni, na kwamba ripoti ya mwisho isainiwe na mtu mwenye sifa hizo.

"Mtu huyo ni wewe," akasema. "Nimekwisha kukutaja."

Nikampa nakala za vyeti vyangu. Nikamwambia pia, ili tusije tukagombana baadaye, kwamba nitasaini nitakachokuwa nimekipima mtoni na si kingine. Alicheka akaniambia ndiyo maana ananiamini. Nilishuka zile ngazi na furaha ya kijinga, sikuinusa hata ile harufu. Nilidhani nimepewa mto, kumbe wao ndio waliokuwa wamepewa jina langu.

Kwenye maandishi kampuni ilikuwa na wataalamu tele, akiwemo daktari wa falsafa aliyekuwa akiishi Ulaya na ambaye sidhani kama alijua kwamba ameajiriwa. Kwa macho yangu niliona watu wawili: mkurugenzi na shemeji yake. Huyu shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa ndiye mkuu wa shughuli za nje. Kabla ya hapo aliuza viatu vya mitumba kando ya Mnazi Mmoja. Sina neno na viatu vya mitumba, nimevivaa na vimenifikisha mbali. Neno langu ni kwamba hakutaka kujifunza chochote, alitaka kujua namna ya kusema tu.

"Sista, nipe maneno mawili matatu ya kitaalamu," aliniambia siku ya kwanza. "Kuna wageni wanakuja, nisije nikatoka kapa."

Nikamfundisha kina. Nikamwambia kina ni umbali kutoka juu ya maji hadi chini. Alilipenda neno lile likawa kama chumvi, linaingia kila mahali. Wiki ile yote nilimsikia kwenye simu akizungumzia kina cha mkataba, kina cha semina, kina cha gari la ofisi. Mkurugenzi alikuwa akimtazama kwa fahari. Mimi niliiacha chai yangu nusu.

Mvua zilipokaribia nikamwambia shemeji mahitaji yangu: viatu virefu vya mpira, kamba ndefu, kile chombo chenye panga, na wapima maji wawili wanaoijua kazi, mmoja wa kusoma ubao na mwingine wa kunishikia kamba.

"Wapima maji wawili, wenye sifa," akarudia. "Hilo niachie mimi. Mji huu nawajua wote."

Asubuhi iliyofuata nilikuta ngazi zimejaa wanaume. Walikuwa na kofia za vumbi la saruji na mikononi kila mmoja ameshika pimamaji. Kwa asiyejenga, pimamaji ni kile kipande kirefu chenye kichupa cha maji na povu ndani yake, ambacho fundi mwashi hukilaza juu ya tofali kuona kama ukuta umekaa sawa. Vingine vilikuwa vikuukuu, vimepigika. Vingine vilikuwa vipya kabisa, bado vina nailoni yake, vimenunuliwa duka la chini dakika chache kabla ya kupanda.

"Shikamoo mama," alisema wa mbele. "Tumesikia mnataka wapima maji."

"Marahaba. Maji gani, baba?"

"Haya," akasema, akaniinulia kile chombo mpaka usoni ili nilione povu vizuri.

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na mafundi nao wakacheka, kwa adabu, bila kujua tunacheka nini. Nilidhani ni kosa tu, na kwa Kiswahili chetu ni kosa linalosameheka, maana jina ni moja na vitu ni viwili. Nikamgeukia shemeji nikamweleza kwamba wapima maji ninaowataka mimi ni wa mtoni.

"Kwani kuna wa aina ngapi?" akauliza. Halafu akakereka, maana alikuwa amewatafuta tangu alfajiri kwenye vijiwe vya mafundi, Kariakoo nzima. "Sista, we mgumu sana. Ulisema wapima maji, nimekuletea wapima maji. Na vyombo vyao wanavyo."

Mkurugenzi alitoka chumbani kwake kusikia makelele ni ya nini. Huyu alikuwa ameifanya kazi ya mito miaka mingi kuliko mimi. Aliwatazama mafundi, akavitazama vile vyombo, akaelewa papo hapo. Nikasubiri acheke.

"Chukua wawili," akamwambia shemeji yake.

"Mkuu, hawa ni waashi," nikasema.

"Wana uzoefu?"

"Wa kujenga."

"Mkataba unasema wasaidizi wawe na uzoefu wa kupima maji. Wewe waulize kama hawajawahi kupima maji." Akageuka akarudi chumbani kwake.

Hapo ndipo kicheko kilipokauka. Kosa la shemeji lilikuwa la mtu asiyejua. Lile la pili lilikuwa la mtu anayejua kila kitu, na nilipomwona akifunga mlango nilipata kinyaa, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta mboga ina funza. Nilipokuwa nashuka, mzee wa duka la chini aliniuliza kwa wema kabisa kama kesho tutahitaji tena zile pimamaji, maana zimemwishia na angependa kuagiza.

Mafundi wawili wakachaguliwa, wakavishwa makoti ya mvua ya manjano, wakapelekwa bondeni kupigwa picha. Picha ile niliiona. Wamesimama ukingoni kwa uso wa kazi, mmoja ameegemeza pimamaji kwenye gogo la kuvukia, mwingine anaonyesha mto kwa kidole. Shemeji naye yumo, katikati. Walipomaliza kupigwa picha wakasimika ubao wa alama, na nakiri ulikuwa umenyooka kuliko ubao wowote niliowahi kusimika mimi. Tatizo ni kwamba waliusimika nchi kavu, juu kabisa ya kingo, mahali ambapo maji yangefika labda siku ya kiama.

"Kule chini ni kuchafu, mama," fundi mmoja aliniambia nilipouliza. "Hatukuambiwa kwamba tutaingia humo."

Sikumlaumu, na nawe usingemlaumu. Mto ule, ukifika hapo mjini, haukuwa mto tena. Ulikuwa umepita machinjioni, umepita viwandani, umepita nyuma ya vyoo vya watu wasiohesabika. Rangi yake ilibadilika kwa siku, leo ya chai ya maziwa, kesho ya bluu ya nguo. Kandokando kulikuwa na mifuko ya plastiki, kitu kipya wakati ule, imenasa kwenye matete ikiwa imejaa vitu ambavyo sikutaka kuvifungua. Nimepima mito ya milimani ambayo ukiona kiu unainama unakunywa. Hapa nilijifunga kitambaa puani na bado nilikuwa naionja ile harufu nyuma ya ulimi.

Lakini niliingia. Viatu nilijinunulia mwenyewe, kamba nikaazima, nikaenda siku mvua zilipoanza. Nilikuwa sina wa kunishikia kamba ng'ambo, mpaka mama mmoja muuza vitumbua, aliyekuwa anavuka na beseni lake kuelekea mjini, akalitua beseni na kuishika kamba. Aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia tunatafuta daraja linyanyuke kiasi gani ili maji yasilifunike.

"Basi pima vizuri, mwanangu," akasema. "Mwaka wa juzi tulikaa upande wetu siku nyingi hatuna pa kupita, na mjamzito mmoja alijifungulia palepale kwenye tope. Wakiliweka chini ni yale yale."

Nikampa ahadi, nikiwa nimezama mpaka mapajani katika uchafu ule, na nilikuwa namaanisha.

Nilichokosa ni kile chombo chenye panga, ambacho bila hicho huwezi kujua mwendo wa maji. Kila nilipokiuliza ofisini niliambiwa kiko kwenye kabati na mwenye ufunguo ametoka. Mvua zikazidi. Masika haina subira, maji makubwa yakipita yamepita, na mwaka ujao utapima ya mwaka ujao. Siku ile anga iliposhuka na mtaa wetu wa Kariakoo ukawa unapitisha masufuria na ndala za watu, nilikimbilia ofisini nimelowa, nikamwambia shemeji tuvunje kabati.

"Sista, tulia. Kabatini hamna kitu," akasema. "Ile mashine iliazimwa tu siku wakaguzi walipokuja kuangalia vifaa. Ilirudi kwa wenyewe siku ileile."

Alisema hivyo huku anachokonoa meno. Nilitoka mbio hadi bondeni. Maji yalikuwa yamepanda mpaka vibarazani mwa nyumba za kwanza, meusi, yanapitisha magodoro na kuku waliokufa. Kitu pekee nilichoweza kufanya ni kuokota kipande cha tofali na kukwaruza alama kwenye ukuta wa nyumba moja, pale maji yalipofika. Ubao wetu wa alama ulikuwa umesimama juu kule, mkavu, umenyooka. Maji yalipopungua nilirudi na utepe nikapima kutoka alama yangu ya tofali mpaka chini mtoni. Hicho ndicho kipimo pekee cha kweli cha maji makubwa ambacho kampuni ile ilikipata masika nzima.

Nilipowapelekea, walikuwa wamekwisha kumaliza ripoti.

"Umechelewa, ila hamna noma," alisema shemeji. Alikuwa amefurahi kweli, alitaka nimsifu. "Tumekupunguzia kazi. Tumetumia vipimo vyako mwenyewe, vile vya ule mto wa milimani uliokuwa unapima enzi za serikali. Si bosi alikuwa navyo? Tumebadilisha jina la mto tu."

Nikafunua kurasa nikazikuta namba zangu.

"Sasa hapo uongo uko wapi?" akaendelea. "Si ulipima wewe? Basi saini yako ni halali. Hata Mungu hawezi kukushitaki."

Niseme ninavyojisikia hadi leo. Mtu akiniibia mkoba nitamkimbiza, nikimkosa nitasahau. Hawa walichukua miaka yangu ya kusimama kwenye maji baridi, yale maji safi, vipimo ambavyo kila kimoja nilikitolea jasho, wakavimwaga kwenye lile dimbwi la machinjioni na kunitaka niweke saini juu. Nilikwenda kwenye kile choo cha ngazini na, pamoja na uchafu wake, nikatapika humo.

Mkurugenzi alipoitwa hakukana kitu. Alinikalisha, akanipa soda, akazungumza kama baba.

"Mto ni mto, dada. Maji yanashuka, yanapanda. Wewe una sifa, na sifa ndizo zinazotakiwa. Hakuna atakayekuja kupima tena."

"Ule wa milimani unapanda taratibu," nikasema. "Huu unapanda kwa saa moja, mkuu, unajua hivyo. Daraja litakaa chini mno, na watu watapita wapi?"

"Mimi mkataba wangu ni wa takwimu, si wa daraja."

Nikamwambia sisaini. Akaniambia nikapumzike nifikirie, mume wangu atanishauri. Mume wangu alinishauri kweli, nami nikamjibu maneno ambayo hayahusiani na hadithi hii. Nilikwenda mpaka ofisi ya wafadhili, upande wa Kivukoni, nikazungumza na kijana mmoja wa Kizungu mwenye Kiswahili cha kujifunza. Alinisikiliza vizuri, akaniletea maji ya chupa. Akasema kwao jambo la msingi ni kwamba ripoti iwe na saini ya mtu mwenye sifa zinazotakiwa, na ikiwa nayo wao hawana swali.

Nilirudi nyumbani nikijipa moyo. Sifa zile mjini walikuwa nazo watu wa kuhesabika, nusu yao tulisoma pamoja, na niliamini kwamba aliyewahi kuingia mtoni hawezi kuandika jina lake chini ya mto asioujua. Bila saini ripoti ingelala, na ikilala wangelazimika kupima masika ijayo. Mama wa vitumbua angesubiri mwaka mmoja zaidi, lakini angepata daraja lililo juu. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyapigania, na niliona nimeyashinda.

Siku niliyopanda zile ngazi kwa mara ya mwisho nilikuwa nimefuata nakala za vyeti vyangu. Mlango wa mkurugenzi ulikuwa wazi. Kwenye kiti cha wageni alikuwa ameketi mwalimu wetu wa chuo.

Huyu ndiye aliyetufundisha mito. Alikuwa amestaafu zamani, amekonda, shati lake limepigwa pasi mpaka linang'aa. Chuoni tulimwogopa kuliko radi. Mwenzetu mmoja aliwahi kuandika kipimo akiwa amesimama ukingoni, bila kulowa, na mwalimu aliichana karatasi ile mbele yetu, akamwingiza mtoni na nguo zake, akamwambia asitoke mpaka aseme maji yamefika wapi mwilini mwake. Alitufundisha kwamba namba ambayo hujaiona ni uongo hata kama ni sahihi.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Akafurahi. Alinikumbuka hata nilipokuwa nikikaa darasani.

Ripoti ilikuwa mapajani mwake na kalamu mkononi. Moyo wangu ulitulia. Nilijiambia kwamba wamejimaliza wenyewe, wamemleta mtu ambaye hawamjui. Alikuwa anaipitia polepole, kidole kinashuka na namba kama alivyokuwa akisahihisha madaftari yetu.

"Vipimo vizuri hivi," akasema. "Mkono wa mtu anayejua. Nani kapima?"

"Huyu hapa," akasema shemeji, akaninyooshea kidole kwa fahari.

Mwalimu akanitazama na uso wake ukachangamka kama wa mzazi. Sikuweza kuvumilia.

"Nimevipima, mwalimu, ila si mto huu. Hivi ni vya mto wa milimani. Wamebadilisha jina tu."

Mkurugenzi alitazama dirishani. Mwalimu hakushtuka. Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha machoni.

"Najua, mwanangu," akasema. "Niliona ukurasa wa pili. Mto wa mjini haupandi taratibu namna hii."

Akasaini. Aliandika jina lake lote, na chini yake akaandika sifa zake, moja baada ya nyingine, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni tuliokuwa tukiuiga.

Nilichukua nakala zangu nikashuka.

Daraja lilijengwa. Lilipakwa rangi, likafunguliwa kwa utepe, na masika iliyofuata likakaa chini ya maji na watu wakabaki kila mmoja upande wake. Maji yalipotoka walirudi kulitumia, na mama wa vitumbua nilimwona akipita juu yake siku moja ya jua. Hakuniuliza kitu, labda hakunikumbuka. Mkurugenzi alipata mito mingine. Mimi nikaishia kusoma mita za majumbani, ile kazi ambayo watu walidhani naifanya tangu mwanzo.

Mwalimu alikuja kuhamia karibu na kwetu. Jioni alipenda kutembea Mnazi Mmoja, taratibu, mikono nyuma. Mara ya kwanza nilipokutana naye uso kwa uso alisimama, akainamisha kichwa kidogo kama wanavyofanya watu wazima wakisubiri shikamoo. Nimelelewa Kariakoo, na mtu wa kwetu hampiti mwalimu wake kimya, hata awe amefanya nini. Shikamoo ile ilipanda mpaka kooni ikakaa hapo. Kuitoa nilishindwa, na kumpita bila kuitoa sikuthubutu.

Nikavuka barabara. Tangu siku ile nikimwona kwa mbali huvuka mapema, kabla hajaanza kusimama.